Gramu Moja ya Waya wa Shaba

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi ya Jumatano, mizani kumi na mbili zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndefu ya karakana, kila moja na kadi tupu mbele yake. Chiriku alikuwa akizifuta vumbi kwa brashi laini, akianza na ile iliyo karibu na dirisha, kama alivyofanya kila siku ya likizo.

Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake, kwa sababu mdomo wake haukujua mapumziko. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa fundi mizani. Alitengeneza mizani za maduka, za zahanati na za wauza dawa, na mjomba alikuwa msaidizi wake.

Hizi kumi na mbili hazikuwa za mteja. Mama alizinunua zikiwa mbovu kutoka kiwanda kilichofungwa, akazifufua moja baada ya nyingine kwa miezi minne. Zilikuwa zawadi kwa chuo kikuu alikosoma.

"Dada, mimi bado sijaelewa," mjomba alisema huku akikaza skrubu. "Matajiri wakitoa, jengo zima linaitwa kwa majina yao. Wewe watakuandika wapi? Chini ya sahani ya mizani?"

"Wasiponiandika, mizani zitagoma kupima?"

"Hazitagoma."

"Basi kaza skrubu."

Chiriku alicheka. "Mama, hiyo barua ya chuo ilisemaje hasa?"

"Inatuita wafadhili wa kati," mama alijibu. "Yaani si yule wa kujenga jengo, wala si yule anayetoa kidogo mara moja akasahau. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye humlipia mwanafunzi mmoja ada kila mwaka. Wengine sita walichanga wakanunua friji ya maabara. Mfuko wangu hauna kina hicho, lakini mikono ninayo. Nitatoa mizani hizi, na kila likizo nitapokea wanafunzi wawili hapa wajifunze kazi."

"Kwa nini mizani?"

"Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa watu kumi na wawili kwa mizani moja. Mmoja anapima, kumi na mmoja wanatazama kisogo chake. Nilimaliza muhula nimeigusa mara mbili. Mpaka leo hali ni hiyo hiyo, na mizani nne walizobaki nazo ziko mbioni kutupwa. Zetu zikifika, Jumanne ijayo watapima wanne wanne."

Mkuu wa maabara ya chuo angekuja kuzichukua Ijumaa saa tisa. Kabla ya hapo kila mizani ilipaswa kujaribiwa na matokeo yake kuandikwa kwenye kadi. Kazi hiyo mama alimpa Chiriku, ambaye alikuwa ameitazama kwa miaka miwili.

Karakana ilikuwa na seti mbili za mawe ya mizani, ambayo huitwa mawe ingawa ni ya chuma. Seti ya kazi ilikaa kwenye kisanduku cha mbao, kila jiwe katika shimo lake, kuanzia kilo moja hadi gramu moja. Seti ya pili, ambayo mama aliiita "wazazi", ilifungiwa kwenye kasha la chuma. Ilitolewa mara moja tu kwa mwaka, kuhakikisha kwamba seti ya kazi haijapotoka. Mawe yote yalishikwa kwa koleo dogo. Kidole kilikatazwa, kwa sababu jasho nalo lina uzito.

Saa tatu mama na mjomba walikwenda zahanati kutengeneza mizani ya watoto wachanga. Chiriku alijaribu mizani tatu za kwanza kwa utaratibu, akiweka jiwe la gramu moja juu ya kila moja. Zote zilikuwa sawa, naye akaandika alichokiona.

Ndipo sauti za wasichana wenzake zikasikika nje. "Chiriku! Kamba iko tayari, unangojwa wewe tu!"

"Nakuja! Nina kazi kidogo!"

"Kazi! Siku hizi umekuwa mtumishi wa serikali?"

Wasichana wakaangua kicheko. Chiriku aliweka koleo chini na kulichukua jiwe la gramu moja kwa vidole, apate kwenda haraka. Jiwe liliteleza, likadunda sakafuni mara mbili, likaingia kwenye tundu la kupitishia maji. Alichokonoa kwa kijiti, kisha kwa waya. Alisikia maji tu.

Alisimama akiwaza. Kisha alikata kipande cha waya wa shaba, akakiweka juu ya mizani iliyofuata, namba nne, na kukipunguza kidogo kidogo mpaka kioo cha tarakimu kikaonyesha 1.00. Alikuwa amepata gramu nyingine. Hakujiuliza jambo moja: mizani namba nne yenyewe ilikuwa bado haijajaribiwa.

Alihamia namba tano. Waya ulionyesha 1.06. Namba sita, 1.06. Namba saba, 1.05. Alipofika namba tisa, hesabu ilikuwa mashahidi watano upande mmoja na shahidi mmoja peke yake upande wa pili, na Chiriku hakuwa mjinga. Alijua. Hata hivyo aliandika 1.00 kwenye kadi zote tisa, akaulaza waya katika shimo la jiwe lililopotea, akafunga kisanduku na kutoka nje. Aliruka kamba mara tatu, na mara zote tatu alijikwaa.

Mama aliporudi alizisoma kadi moja baada ya nyingine. "Umefanya kazi ya mtu mzima, mwanangu," alisema. Akazitia sahihi zote kumi na mbili bila kurudia kipimo hata kimoja.

Siku mbili zilizofuata Chiriku alizungumza machache mno. Mjomba alimtazama kwa mashaka. "We mtoto, jino linakuuma? Nyumba imekuwa kama maktaba."

"Siumwi, mjomba."

Ijumaa saa tisa na dakika tano, gari la chuo lilisimama mlangoni. Mkuu wa maabara alikuwa mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Chiriku alimwamkia, mzee akaitikia, kisha akaketi kusoma kadi wakati mjomba akipeleka maboksi garini.

"Fundi, umetufaa," alimwambia mama. "Hizi ni za wanafunzi wa famasia, wanaojifunza kutengeneza dawa. Kila kadi nitaibandika ukutani juu ya mizani yake. Mwanafunzi anayeanza hawezi kujua kama mizani inasema kweli. Anaamini kadi ya fundi, basi."

Mjomba alipita na boksi la saba.

"Mama," Chiriku alisema, "naomba gari lisiondoke. Kadi tisa ni za uongo."

Mjomba alisimama na boksi kifuani. Chiriku alieleza yote, tangu kamba mpaka waya, na hakuruka kitu. Mama alimsikiliza bila kumkatiza. Chiriku alipomaliza, mama alimwuliza maswali tu.

"Tatu za kwanza?"

"Hizo ni za kweli."

"Waya uliupimia wapi?"

"Namba nne."

"Na zilizofuata zilisemaje?"

"Moja nukta sifuri sita. Nyingine moja nukta sifuri tano."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua, mama."

Mama alimgeukia mgeni. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini sauti ilikuwa ile ile. "Mzee wangu, naomba radhi. Mtoto ameandika uongo, na mimi nimeutia sahihi bila kupima. Kosa ni letu sote wawili. Ukitaka kwenda bila mizani hizi, sitakulaumu."

Mzee alitazama saa yake. "Ninao muda mpaka saa kumi na mbili," alisema. "Nipe kalamu, nitaandika."

"Nami nina mgongo mmoja tu," mjomba alisema. "Nishushe zote?"

"Zote," mama alisema.

Mama alifungua kasha la chuma na kutoa jiwe la gramu moja la seti ya wazazi. Chiriku alilishika kwa koleo. Mjomba alisoma vioo kwa sauti na mzee akaandika. Moja nukta sifuri sifuri. Moja nukta sifuri sifuri. Moja nukta sifuri moja, ambayo bado ilikuwa ndani ya mpaka unaokubalika. Mizani kumi na moja zilikuwa nzima. Namba nne ilionyesha 0.94.

Mama aliuchukua waya wa shaba na kuuweka juu ya namba tano. Kioo kilionyesha 1.06.

"Unaona?" alimwambia Chiriku. "Waya umezidi kwa kiasi kile kile ambacho namba nne inapunguza. Ulimpa mwongo nafasi ya kujichagulia shahidi."

Chiriku aliinamisha kichwa. "Nimeharibu zawadi yako, mama."

"Ulikaribia. Sasa sikiliza, na mimi pia najisikiliza. Mteja aliyelipa pesa zake, mizani ikimkosea, anarudi hapa na kelele. Aliyepewa zawadi huona haya kulalamika, hunyamaza na kuitumia hivyo hivyo. Kwa hiyo anayetoa lazima ajikague kuliko anayeuza. Kumpa mtu kitu bure hakukupi ruhusa ya kumpa kibovu. Na kuhusu kusema kweli: umechelewa siku mbili, lakini umewahi gari. Kosa lililosemwa linatibika. Lililofichwa huzaa watoto."

"Tisa kwa mpigo," mjomba alisema, akiziangalia kadi za zamani. Mama hakucheka, lakini mzee alicheka.

Saa kumi na mbili kasoro robo gari liliondoka na mizani kumi na moja. Kwenye hati ya mapokezi mzee aliandika kwamba ya kumi na mbili itafuata.

Jumamosi mama aliifungua namba nne. Chini ya sahani alikuta unga mkavu ulioganda, uliokuwa ukizuia sahani kushuka sawasawa. Aliukwangua, akarekebisha, kisha akamwachia Chiriku. Chiriku alijaribu mara mbili na kuandika alichokiona. Mama alijaribu mara ya tatu, ndipo akatia sahihi. Jumatatu asubuhi mjomba aliipeleka chuoni.

Jumanne saa tatu na nusu simu ya karakana iliita. Mkuu wa maabara alisema wanafunzi arobaini na wanane walikuwa wameanza kupima, wanne kwa kila mizani.