Ugali Ulioliwa na Nguruwe

Kila jioni, jua likianza kujificha nyuma ya mikaratusi, Yudith alibeba ndoo ya makombo kuipeleka kwenye banda la nguruwe. Kazi hiyo ilimtia kinyaa. Ndoo ilinuka maganda ya viazi yaliyochacha, na nzi waliifuata kama wamealikwa karamuni. Hata hivyo hakulalamika hata siku moja, maana ndoo ile ilimtunzia siri. Chini kabisa, chini ya maganda, kulikuwa na chakula chake mwenyewe.

Bibi yake, Severina, hakukubali mahindi yake yakobolewe mashineni. Majirani walikoboa, wakapata unga mweupe kama chokaa, na pumba wakawapa nguruwe. Bibi alisaga dona, punje nzima pamoja na pumba zake. Ugali wake ulikwaruza ulimi, na kando yake palikuwa na maharage na majani ya maboga yaliyoteleza kooni kama konokono.

Mambo yaliharibika siku Blandina aliposema mbele ya darasa zima, "Nyie kwenu si mnakula pumba? Mkilala mnakoroma kama nani?" Darasa likaangua kicheko. Tangu hapo kila tonge lilimletea Yudith kichefuchefu. Aliyafinyanga matonge, akayaficha kwenye kanga, yakaishia ndooni. Njaa aliituliza kwa biskuti.

Jioni hiyo, hatua tano tu kabla ya banda, msuli wa mguu wake wa kulia ulikaza ghafla ukawa mgumu kama jiwe. Yudith alipiga yowe, akaanguka, na ndoo nzima ikammwagikia kichwani. Maji yaliyochacha yalimwingia puani. Ganda la kiazi likamnata mdomoni. Akatapika.

Bibi alikuja mbio, akaukanda mguu hadi ukalegea. Kisha akatazama chini. Matonge manne ya dona yalikuwa pale, hayajaumwa hata kidogo, yana alama za vidole. Yudith aliyaona macho ya bibi yakitua juu ya matonge hayo. Lakini bibi alichota maji tu. Alimwogesha, akafagia, basi.

Ilikuwa mara ya tatu mguu kukaza wiki ile, na baada ya wiki tatu shule ingechagua wakimbiaji wa kwenda kushindana Iringa mjini. Yudith aliota mbio hizo usiku na mchana. Asubuhi yeye na bibi wakaenda zahanati, wakaeleza habari za mguu na za mbio.

"Unakula nini, binti?" aliuliza Tabibu Filemoni, akiubonyeza mguu.

"Kila anachopika bibi," Yudith alijibu haraka. "Dona, maharage, majani ya maboga."

Bibi aligeukia dirishani.

Tabibu alikunja uso. "Kama unakula vizuri hivyo, basi itabidi uende hospitali wakapime damu. Na mbio, sahau kwanza." Akachukua kalamu.

Yudith aliisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Uongo wake ulimpanda kooni, ukinuka kuliko ile ndoo.

"Daktari, usiandike! Sili. Nampa nguruwe. Mimi nakula biskuti."

Kalamu ikasimama. "Na huyo nguruwe anaendeleaje?"

"Amenenepa," bibi alisema, bado akitazama nje.

Tabibu alicheka, kisha akavuta kiti. "Misuli hukaza kwa sababu nyingi: uchovu, kukosa maji, na hata mwili kupungukiwa madini. Yapo madini yanayoitwa magnesiamu. Yanasaidia misuli kukaza na kulegea, na mifupa kuwa imara. Yamo kwenye majani ya kijani, maharage, mbegu za maboga na dona. Ukikoboa mahindi, sehemu kubwa inaondoka na pumba. Kula, kunywa maji, pumzika wiki moja. Mguu ukikaza tena, rudi tupime."

Siku za kwanza Yudith alimeza huku amebana pua. Bibi alikaanga mbegu za maboga kwa chumvi, na hizo zilikuwa tamu kweli. Hata Blandina aliziomba. "Usiogope," Yudith alimwambia, "hazikoromeshi." Mguu haukukaza tena. Siku ya mchujo shuleni alimaliza wa pili, na jina lake likaandikwa kati ya wa kwenda Iringa.

Njiani kurudi nyumbani na bibi, aliyekuja kumtazama akikimbia, Yudith alishindwa kuvumilia. "Bibi, uliyaona yale matonge. Mbona hukunigombeza?"

Bibi alitembea hadi walipofika kwenye banda. Hapo akasimama.

"Nilikuwa nakusubiri useme mwenyewe," alisema. "Chakula ukikichukia, nitakipika kwa namna nyingine. Uongo siwezi kuupika ukalika. Mwili haudanganyiki, mjukuu wangu, na daktari akidanganywa atatibu ugonjwa usiokuwepo." Akaegemea banda. "Lakini kilichoniuma si ugali. Ni kwamba nguruwe alijua usichokipenda kabla yangu. Siku nyingine, niambie mimi kwanza."