Meza ya Mama Pasi

Kila nikitoka shule nilikuwa na kazi mbili: kumwangalia mdogo wangu wa miaka miwili na kukariri msamiati wa fasihi. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba chetu cha mbele ndicho kilikuwa duka lake. Kwenye meza ya dirishani alisimama Mama Pasi, jirani aliyenyoosha nguo za wateja kwa pasi ya mkaa tangu sijazaliwa. Aliniita Kasuku, kwa sababu nilijua maana ya msimulizi, mhusika na taharuki bila kumaliza hata hadithi moja.

"Taharuki ni nini, Kasuku?"

"Ni hali ya msomaji kuwa na hamu ya kujua kitakachotokea."

"Na wewe imewahi kukushika?"

Nikarudia maana ileile. Alicheka, akapuliza majivu.

Siku moja Mama na Mama Pasi walitoka kupeleka sare kwa mteja. Mama Pasi aliacha pasi katikati ya meza, bado ina moto. "Usiiguse," aliniambia, "na mtoto asikutoke machoni." Kesho yake nilikuwa na mtihani. Nilitaka kupanga kadi zangu mezani, neno upande huu na maana upande wa pili, na pasi ilinibania nafasi. Nikaishusha sakafuni. Nilikuwa nimefika kwenye neno "kilele" mtoto alipopiga ukelele.

Kiliungua kiganja kizima. Nilikuwa nakimwagia maji waliporudi.

"Nani ameweka pasi chini?" Mama aliuliza, huku akimnyakua mtoto.

"Mama Pasi," nikasema.

Mama Pasi alinikazia macho. "Mimi niliiacha mezani, dada."

"Ondoka kwangu," Mama alimwambia, akakimbilia zahanati.

Muuguzi alisema huenda vidole viwili visinyooke tena. Wiki mbili Mama alipiga pasi mwenyewe. Mtihani nilipata kumi na tisa kati ya ishirini. Karatasi niliificha chini ya godoro, maana kila nikiiona nilijichukia.

Kisha mwalimu wa fasihi akatupa kazi nyingine. "Maana mnazijua," alisema. "Sasa chagueni tukio mliloliona, mlisimulie kwa mdomo wa mtu mwingine aliyekuwepo."

Nikaandika: "Mimi ni mpiga pasi. Niliiacha pasi mezani, nikamwonya msichana asiiguse." Hapo kalamu ilikwama. Kwa mara ya kwanza nilijiona kwa macho yake, nimesimama na kadi zangu, namsingizia. Niliandika yote hadi mwisho huku machozi yakinitoka.

Mwalimu alisoma amesimama kando ya dawati langu. "Msimulizi wako anasema kweli?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Mama yako ameisoma?"

"Hapana."

"Basi sitaisahihisha mpaka aisome."

Mama aliisoma akiwa kwenye cherehani, mtoto mapajani na mkono wake kwenye bendeji. Aliirudia. Nilingoja kofi, halikuja. "Vaa viatu," alisema.

Mama Pasi tulimkuta mlangoni kwake akishona kifungo. Mama alichuchumaa mbele yake. "Nimekukosea, dada yangu. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyeishusha," nikasema. "Nikakusingizia."

"Nilijua. Nilikuwa nangoja useme." Alikata uzi kwa meno. "Mkono wa mtoto unaendeleaje?"

Swali hilo ndilo lililonivunja. Nililia hadi kwikwi zikanishika.

Alirudi kazini kesho yake. Alipokwisha kuweka pasi mezani, aliniita. "Kasuku, maneno yako ni mazuri, endelea kuyasoma. Lakini ukisimulia habari za mtu, umeshika jina lake na kazi yake mkononi. Sema kweli, hata kama mbaya wa hadithi ni wewe."

Vidole viwili havikunyooka. Mdogo wangu sasa yuko darasa la kwanza, anashika penseli kwa vitatu vilivyobaki. Akiniuliza aliunguaje, namsimulia yote, na ninaanza na mimi.