Msikilizaji wa Bafuni

Kinyozi alijua mkewe husomea bafuni. Joto la likizo lilikuwa halina huruma, na shule zikifungwa mke huyo, mwalimu, hakuwa na kazi ila riwaya zake za upelelezi: ndoo kaigeuza kigoda, miguu ndani ya beseni la maji, anasoma kwa sauti utadhani yuko mbele ya darasa. Ila adhuhuri ile kinyozi aliporudi kula, alimsikia mkewe akifika penye maiti kabatini, kisha sauti nzito ya kiume ikaguna, "Mmh! Endelea."

Wivu ukampanda hadi utosini. Akausukuma mlango. Mke alikuwa peke yake, na harufu ya nywele zilizoungua.

"Nani humu?"

"Nani tena, baba watoto? Au umemwonea wivu inspekta?"

Hakucheka. Mke alipokwenda kupakua, akazinyofoa kurasa sita za mwisho za riwaya ile, zile za kumtaja muuaji, akaenda nazo dukani kwake kufutia povu la wembe. Haya, tuone huyo bwana atasikia nini!

Kesho yake mabomba yakaanza kulia, maji yakatoka ya moto yananuka, na nyuma ya ukuta mtu akawa anatembea, anarudi, anatembea tena, akiuliza kwa unyonge kama mgonjwa aombaye maji, "Nani kamuua? Nani kamuua?"

Mke alipokuta kitabu hakina mwisho, wakamwita shangazi yake, mganga. Alinusa tu mlango, akaketi chini.

"Ni jini. Hakuja kwa ubaya, wanangu, kapenda hadithi. Ingeisha, angeondoka. Kurasa ziko wapi?"

Kinyozi akatazama vidole vyake. "Zimekwenda na taka, shangazi."

"Wewe nawe! Basi mkeo amtungie mwisho."

Mke akaingia, akaurudisha mlango. Kinyozi akabandika sikio.

"Muuaji ni daktari."

"Siye."

"Ni mpishi."

"Siye. Lakini unatunga vizuri. Tunga tena."

Saa ikapita, na nyingine, kinyozi akiita mama watoto, toka basi, nimekosa mimi, nisamehe, na hakuna amjibuye, ila alimsikia mkewe akicheka, kicheko cha chini chini ambacho kwa miaka tisa ya ndoa yeye hajapewa hata siku moja, kisha komeo likasukumwa kwa ndani, na mlango ule, tangu wahamie, haukuwa na komeo.