Pigo la Thelathini na Moja

Mdoli alibonyezwa kifua mara thelathini, akalia mara thelathini na moja.

Ilikuwa siku ya pili ya mafunzo, saa sita kasoro mchana, kwenye chumba cha mikutano cha kituo kimoja cha afya pembeni mwa Kilwa Kivinje. Jina la kituo nitalimeza, maana wenyewe wapo na bado wanataka wagonjwa. Mdoli hakuwa na mikono wala miguu. Kiwiliwili cha plastiki na kichwa, kimelazwa juu ya mkeka, na ndani mna kidude kinacholia "tak" kila kifua kinapobonyezwa sawasawa. Muuguzi Mwahija alihesabu mpaka thelathini, akainua mikono ili mwenzake Apolonia ampe mdoli pumzi mbili kwa mfuko wa kupulizia. Mikono ikiwa bado hewani, mdoli akalia: tak.

"Springi hiyo," alisema mwalimu Benjamin, aliyekuja na mdoli wake kutoka Dar es Salaam. "Imechoka kuliko mimi."

Watu wakacheka. Mwahija naye alicheka, kwa adabu tu, maana puani alikuwa amesikia harufu ya marashi ya waridi, na mle chumbani hapakuwa na mtu aliyejipaka.

Mafunzo yale ni yeye aliyeyahangaikia. Aliandika barua, akapiga simu, akaonekana king'ang'anizi mpaka yakaletwa. Wenzake walidhani anatafuta cheo. Masikini, hawakujua. Mumewe Mudathiri, fundi simu wa pale pale Kivinje, alikuwa na moyo uliotanuka. Daktari mmoja wa Lindi alimvuta Mwahija pembeni akamwambia, kama mtu wa kazi moja, kwamba moyo ule unaweza kusimama siku yoyote, na ukisimama, atakayemwokoa ni yule aliyesimama karibu naye. Tangu siku ile Mwahija alikuwa anamwangalia mumewe akila, akicheka, akikoroma, na kila mara alijiona yeye mwenyewe amesimama pembeni na mikono isiyojua la kufanya. Alimpenda mume yule kupita kiasi, na hakuona haya kusema hivyo.

Sasa, kazi ya kubonyeza kifua inataka mwendo. Ukienda polepole damu haifiki kichwani, ukikimbia moyo haujai. Benjamin alikuwa na wimbo wake wa Kizungu wa kuwashikisha watu mwendo, lakini pale hakuna aliyeujua. Siku ile ya kwanza ya mafunzo, tabibu Dismas, mtu wa Rutamba, alibonyeza utadhani anafukuza mwizi. Hapo ndipo Mwahija aliposema, "Mwendo huo mimi ninao." Akageuza beseni, akapiga kwa vidole ngoma aliyokuwa akiipiga bibi yake, Bibi Amina, kwenye sinia la shaba wakati wa jua la utosi, yeye akiwa mtoto. Bibi hupiga, kisha hunyamaza akisikiliza, kisha hupiga tena.

Benjamin akapima kwa simu yake. "Mia na kumi kwa dakika! Hii ndiyo yenyewe. Wote, mfuateni Sista Mwahija."

Wote wakamfuata. Ngoma ilikuwa tamu, inaingia mwilini haraka. Kufika jioni hata mlinzi getini alikuwa anaipiga kwenye mlango wa bati.

Siku ya tatu, watu walipokwenda kula, Mwahija alirudi chumbani kuchukua simu aliyoisahau. Mlango ulikuwa umerudishwa. Kabla hajausukuma alisikia ngoma yake ndani, tak, tak-tak, tak, akadhani Dismas amebaki kujifunza, akaingia na maneno ya utani mdomoni. Hapakuwa na mtu. Mfuko wa kupulizia ulikuwa mezani, na mdoli alikuwa juu ya mkeka vile vile walivyomwacha, ila kifua chake kilikuwa kinashuka na kupanda chenyewe, kinashuka na kupanda na kulia kwa mwendo ule wa Bibi Amina, na ile harufu ya marashi ilikuwa imejaa chumba kizima mpaka inawasha koo, na Mwahija alijikuta anahesabu bila kupenda, ishirini na tisa, thelathini, kisha kimya, na katika kimya kile kichwa cha plastiki, ambacho hakina shingo ya kugeukia, kikageuka taratibu upande wa mlango, mdomo wazi, kama mtu anayengoja kupewa pumzi.

Mkono ukamshika begani.

"Usipige kelele," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Bi Esha, mama mtu mzima anayefagia kituo na kuchemsha chai. "Usipige kelele, mwanangu, atajua unamwogopa."

"Shi... shikamoo, Bi Esha."

"Marahaba. Nani kawafundisha ngoma hii?"

"Ya bibi. Bibi Amina."

Bi Esha alifumba macho. "Najua ni ya Amina. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia chetezo. Ulidhani anajichezea? Ile ni ngoma ya ruhani wake, mwanangu. Kila ruhani ana ngoma yake, na huyo ukimpigia hiyo, anakuja. Amina alikuwa kiti chake, mwili anaoupanda. Umesahau akipandwa alivyokuwa anakuita?"

Hakusahau. Sauti nzito ya kiume kwenye kinywa cha bibi, na jicho lisilopepesa: *njoo, mjukuu wa kiti changu*. Alikuwa na miaka sita, akajikojolea.

"Amina alipokufa," Bi Esha alinong'ona, "mama yako alikataa kumrithi, na wewe ulikuwa mtoto. Miaka yote hiyo hana pa kukaa. Leo nyie mnamlaza mtu asiye na kitu ndani, mnampigia ngoma, mnanyamaza, mnampulizia pumzi. Mnamtengenezea kiti, halafu mnashangaa akija?"

"Sasa tufanyeje?"

"Funga mlango."

Bi Esha alileta makaa kutoka jikoni na udi kutoka kwenye kibindo chake. Nadhani hakuwahi kuacha kuubeba. Akamfunika mdoli shuka jeupe la wodini, akaufukiza moshi chini ya shuka, akasema naye kwa upole, kama mtu anayemwomba radhi mgeni aliyekuja siku isiyo ya karamu. "Bwana, umeitwa kwa makosa. Watoto hawakujua. Hapa hapana nyama wala damu, ni plastiki tu. Nenda zako kwa amani." Shuka likatikisika. Tak, mara moja. Marashi yakapungua, ikabaki harufu ya udi na ya sabuni ya sakafu.

"Ameondoka?"

"Kaondoka kwenye mdoli. Kivinje hajaondoka." Bi Esha alimshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto. "Sikiliza. Hapa kashindwa kukaa kwa sababu hapakuwa na mwili. Usije ukampigia ngoma hii juu ya mtu ambaye roho imeshatoka. Hapo atakaa, na hatatoka."

Mchana huo Mwahija aliwaambia wenzake wahesabu namba tu, ngoma basi. Benjamin alishangaa, Dismas akanung'unika, lakini walimtii. Siku ya nne walipewa vyeti, na kituo kikaachiwa mashine ya kushtua moyo. Benjamin akapakia mdoli wake na kuondoka. Mwahija alipiga picha na cheti chake, akaitundika sebuleni, Mudathiri akaitazama na kusema, "Sasa mimi hata nikitaka kufa sitaruhusiwa." Alicheka mpaka akakohoa.

Haukupita mwezi.

Ilikuwa Jumatano, siku ya kliniki ya wagonjwa wa moyo na presha, jua limesimama utosini. Mudathiri alikuwa kwenye benchi akingoja vidonge vyake, akimtania Apolonia kuhusu ndala zake za rangi mbili. Alikatiza katikati ya neno, akaegemea upande, akaanguka kifudifudi.

Mwahija hakukumbuka alivyofika pale. Alijikuta amepiga magoti, amemgeuza, anamtikisa mabega, "Mudathiri! Mudathiri, unanisikia?" Shingoni hapakuwa na mapigo. "Mashine!" alipiga kelele. "Apolonia, pumzi! Dismas, mashine!"

Akaanza. Moja, mbili, tatu. Alikuwa anahesabu namba, lakini mikono yake ilikuwa imeshajifunza jambo jingine. Kila ikishika mwendo sawasawa, ulikuwa ni mwendo ule, na kila alipousikia ukiingia viganjani aliogopa, akaupunguza.

"Sista, unachelewa!" alisema Dismas, akibandika pedi za mashine kifuani. "Haitoshi, unachelewa!"

"Nipokee!"

Dismas akapokea. Alibonyeza kama siku ile ya kwanza, mbio mbio, kifua hakipandi. Mashine ikawaamuru wasimguse, ikamshtua, mwili ukaruka, hakuna kitu. Wakabadilishana. Ikamshtua tena, hakuna kitu. Midomo ya Mudathiri ilikuwa inageuka rangi ya majivu, ile midomo iliyomwambia asubuhi kwamba chai haina sukari, na wagonjwa waliokuwa barazani walikuwa wameanza kusoma dua za mtu aliyekwisha, na Mwahija, akibonyeza, akilia, akipunguza mwendo kila alipoikaribia ile ngoma, aliinua macho akamwona Bi Esha kasimama mlangoni na ufagio wake, anatikisa kichwa taratibu, hapana, hapana, na akaelewa kwamba yule mama alikuwa anamwambia amwache mumewe aende.

Alimtazama Bi Esha. Akamtazama Mudathiri.

"Apolonia," alisema. "Nipigie ngoma."

"Lakini ulisema..."

"Nipigie!"

Apolonia akachukua trei ya chuma ya vifaa, akapiga kwa vidole. Mikono ya Mwahija ikaishika ngoma mara moja, ikashuka na kupanda bila kuchoka, na marashi yakaja, kwanza kidogo, kisha yakajaa baraza lote mpaka watu wakaziba pua, na wote wawili walikuwa wanahesabu, ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Mwahija akainua mikono. Apolonia akaiacha trei, akampa Mudathiri pumzi ya kwanza, akampa ya pili. Kimya. Viganja vya Mwahija vilikuwa bado hewani kifua kilipopiga pigo la thelathini na moja.

Mudathiri akafumbua macho. Watu wakapiga takbira, mtu mmoja akapiga kigelegele, Dismas akakaa sakafuni akalia kama mtoto. Bi Esha peke yake alibeba ufagio wake na kwenda nyuma ya jengo.

Lindi walimlaza siku tano. Kila kipimo kilikuja kizuri. Daktari alisema moyo umepata nguvu kwa namna ambayo hakuitegemea, akampongeza Mwahija, akasema mikono yake ni ya kusimuliwa. Wakarudi nyumbani. Mudathiri alikula vizuri, alitembea bila kuhema, hata uso ulinawiri. Ila hakugusa samaki tena, yeye aliyezaliwa na kukulia kwenye samaki; alisema wananuka. Alitaka kanzu nyeupe kila siku. Na hakutania. Mwahija alimtania yeye, alimtania kwa makusudi, akingoja jibu, naye alimtazama tu kwa jicho lisilopepesa. Siku ya nne baada ya kurudi alipompelekea maji ya kunawa, Mudathiri alinyoosha mikono na kusema kwa sauti nzito ambayo haikuwa yake, "Ahsante, mjukuu wa kiti changu."

Birika lilimponyoka.

Mchana huo huo Bi Esha alikuja. Alikuwa na chetezo chenye makaa mekundu, udi, na shuka jeupe begani. Alisimama barazani bila kubisha hodi.

"Nimekuja kumtoa," alisema kwa sauti ya chini. "Niachie chumba. Hili la leo tutalimaliza leo."

Mwahija alisimama katikati ya mlango. "Akitoka, Bi Esha, moyo utapigwa na nani?"

Makaa yalipasuka kidogo kwenye chetezo. Mbali, watoto walikuwa wanaitwa ndani kwa sababu jua limefika utosini.

"Nakuuliza, mama yangu. Moyo wa mume wangu utapigwa na nani?"

"Yule si mume wako, mwanangu."

"Mikono ni yake. Kovu la goti ni lake." Mwahija alishika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili. "Nimelala peke yangu siku tano Lindi kwenye benchi, siwezi tena."

Akachukua jagi la maji lililokuwa mlangoni, akalimwaga lote juu ya makaa. Moshi ukapanda, Bi Esha akarudi nyuma akikohoa, macho yamejaa machozi, na haijulikani kama ni moshi. Mwahija akafunga mlango kwa komeo.

Chumbani Mudathiri alikuwa amelala chali na kanzu yake, macho wazi kwenye dari. Mwahija alipanda kitandani, akaweka sikio kifuani kwake, kama alivyokuwa akifanya kila mchana tangu warudi. Moyo ulikuwa unapiga vizuri, kwa mwendo ule ule. Akahesabu nao, ishirini na tisa, thelathini. Ukanyamaza.

Siku ya kwanza kimya kilikuwa cha urefu wa pumzi mbili. Jana kilikuwa cha pumzi nne. Leo alivuta pumzi ya tano, ya sita, na kifua chini ya sikio lake kilikuwa kimya kabisa, na kidole cha Mudathiri kilikuwa kimeanza kupoa. Mwahija alinyoosha mkono mpaka uvunguni, akavuta sinia la shaba la Bibi Amina, alilolihifadhi tangu bibi afe, akaliweka magotini, akaanza kupiga.