Mkate Uliolazwa Kifudifudi

Siku ile walikuwepo wanne. Solène. Rafiki yake Odile, mwenye mimba ya miezi saba. Corentin, mume wa Odile. Na Anselme, kaka yake Odile, aliyekuwa akiendesha gari. Alikuwepo pia Mama Lescure, mwoka mikate wa mji ule mdogo wa mawe, ingawa hawakumwona mpaka mambo yalipokwisha kuharibika.

Ilikuwa Jumamosi, saa sita mchana, na huo ulikuwa mji wao wa tatu kutembelea tangu asubuhi. Anselme alitandika koti lake kwenye benchi la mawe mbele ya kanisa, dada yake asikalie baridi. Solène alikuwa akifungua jibini na soseji kavu wakati Corentin alipokuja akicheka, mkate kwapani.

"Dukani hakuna mtu. Nimeacha hela mezani, nikachukua huu wa mwisho."

Odile akaunusa. "Mbona unanuka kutu?"

"Mimba hiyo, mpenzi. Jana ulisema mimi nanuka beberu."

"Na ulikuwa unanuka!"

Walicheka wote. Odile akakata kisigino cha mkate, akampa Solène, maana alijua shoga yake anapenda sehemu ile ngumu ya mwishoni. Solène akakitia mfukoni, ale baadaye na jibini.

"Kwenye rafu ulikuwa umelazwaje?" Anselme akauliza.

"Kifudifudi. Kwani vipi?"

Anselme akaacha kutafuna soseji. Bibi yao hakuvumilia mkate ulale hivyo hata dakika moja. Enzi za wafalme, waoka mikate walimgeuzia mkata vichwa wa mfalme mkate wake, ili mtu mwingine asiuguse.

"Huo ulikuwa umewekewa mwenyewe, Corentin. Urudishe."

"Mwenyewe kafa miaka mia mbili sasa! Acha uzee, shemeji."

Akauma. Akauma tena. Kisha akaanza kuubugia kwa mikono miwili bila kutafuna, macho yamemtoka, koo limevimba kama la nyoka aliyemeza sungura, mpaka ukaisha.

"Corentin?" Odile akanong'ona.

Sauti iliyojibu haikuwa ya mumewe. "Nimekula. Sasa nifanye kazi."

Akachomoa kisu chake cha kukunja. Anselme alimrukia, na kisu kikapenya kiganja chake kikatokea upande wa pili. Halafu yule aliyekuwa Corentin akamnyanyua kama gunia tupu, akambamiza kwenye ukuta wa kanisa, meno yakamwagika kwenye mawe. Akamshika Odile nywele.

"Mume wangu, mtoto," Odile alisema polepole, kama mtu anayembembeleza mbwa mkali. "Kuna mtoto."

Solène akakimbia. Alilikuta duka, akamkuta Mama Lescure ametoka nyuma, mikono imejaa unga, anaitazama rafu tupu.

"Mmeula?"

"Kimebaki hiki nilichopewa, mama." Akatoa kisigino.

Mama Lescure hakugombana. Alimshika Solène mkono, wake ukiwa wa moto kutoka tanurini, wakakimbia pamoja. "Wewe uliyepewa ndiye wa kurudisha," alisema akihema. "Kifudifudi, karibu na shingo anayoitaka. Usivute mkono mpaka mkata vichwa apokee. Ukiuvuta, atachukua shingo."

Wakamkuta Odile amelazwa benchini, shavu juu ya jiwe, amekumbatia tumbo, na goti la mumewe liko mgongoni mwake, na harufu ya kutu imejaa uwanja mzima kana kwamba mawe yenyewe yanavuja damu, na kile kisu kifupi cha kukunja kimeinuliwa juu kwa mikono miwili kama shoka, nacho kinashuka, wakati Solène alipopiga magoti akauweka mkate kifudifudi karibu na shingo ya rafiki yake, akaushikilia, akafumba macho, hakuuvuta mkono.

Alisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Vidole viwili vikabaki juu ya jiwe. Kile kisigino hakikuwepo tena.

Corentin akaanguka kando, akatapika maji meusi, akauliza kwa sauti yake mwenyewe, "Nani kamuumiza Solène?"

Anselme, mdomo umejaa damu, alikuwa akijikokota kumfikia dada yake. Mama Lescure alivua aproni yake, akaufunga nayo mkono wa Solène, huku akimwambia, "Umefanya vizuri, mwanangu, umefanya vizuri."

Odile alijifungua mimba ilipotimiza miezi tisa, mtoto wa kike. Corentin analala chumba cha uani, na ufunguo anautunza Odile.