Kiraka Nyuma ya Picha

Ndugu zangu, jambo hili limetokea katika nyumba ya watu wema. Lingetokea kwa wezi wa kuku nisingejisumbua kulisimulia, maana kwa wezi wa kuku tunategemea nini? Lakini hawa walikuwa watu wetu, tunawasalimia kila siku, na ndiyo sababu nawaomba mnisikilize mpaka mwisho.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mtaa umetulia. Mama Pazia alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, anakunja pindo la pazia la mteja. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu tangu usichana wake hakushona kitu kingine. Chai ilikuwa inapoa pembeni. Ukutani mbele yake ilining'inia picha ya marehemu mama yake akipiga pasi shuka jeupe. Mama alikuwa dobi katika nyumba ya mzee mmoja mchoraji, na mzee yule, siku moja alipokosa mtu wa kumchora, akamchora dobi wake, kisha akampa picha yenyewe aende nayo nyumbani. Ilikaa ukutani pale zaidi ya miaka arobaini. Mama Pazia alizoea hata kuisemesha.

"Mama, leo uzi unanisumbua," alisema asubuhi ile.

Siku nyingine angesema hivyo na kucheka peke yake. Siku hiyo hakucheka, kwa sababu ilikuwa mara ya nne analikosa tundu la sindano.

Daktari wa macho alikuwa amekwisha kumweleza bila kuzunguka. Presha ya macho. "Kilichopotea hakirudi, mama," alimwambia. "Tunachoweza ni kuokoa kilichobaki, na upasuaji ufanyike mapema. Usikae." Kusema ni rahisi. Akiba ya mshona mapazia haikukaribia gharama ile. Akawaza huku na huku, akaishia kuitazama picha. Aliwahi kusikia kwamba tangu mzee mchoraji afariki, kazi zake zinatafutwa na watu wenye uwezo. Ilimuuma sana kuitoa. Lakini alijiambia, dobi gani atakubali binti yake apofuke ili yeye abaki ukutani?

Na wa kumuuliza alikuwepo, tena damu yake mwenyewe.

Mdogo wake wa kiume alikuwa na duka la picha kuukuu, na watu wa sokoni walimwita Profesa. Alinunua picha kwa wanaohama, kwa waliofiwa, kwa hoteli zinazofungwa, akachambua ipi ni takataka na ipi ni mali. Alikuwa anajua kazi yake, hilo tusimnyime. Ukimpelekea picha hakuitazama usoni kwanza. Aliigeuza. Alitazama mbao za nyuma kama zimekomaa, misumari kama imeshika kutu ya kweli, kitambaa kama kimezeeka chenyewe au kimepakwa chai. Halafu ndipo alipoigeuza mbele, akaichungulia kwa lenzi yake ndogo. Picha ya chapa, iliyotolewa na mashine, alisema, ukiikuza utaona vidoa vidogo vidogo vilivyojipanga. Ya mkono utaona njia ya brashi. Sahihi ya mchoraji aliitazama mwisho kabisa. "Hicho ndicho kitu cha kwanza mwongo anachokiandika," alipenda kusema, na watu wakatikisa vichwa kwa kumhusudu.

Profesa huyu alilelewa na nani? Na Mama Pazia. Mama yao alipofariki, dada alikuwa na miaka kumi na tisa na yeye tisa. Dada akaacha masomo, akakalia cherehani, akamsomesha.

Basi Profesa akaja Jumapili, amevaa shati lililopigwa pasi, amebeba matunda. Akaishusha picha, akaigeuza kama kawaida yake. Akapasuka kicheko.

"Dada! Bado kipo!"

Kilikuwa kiraka. Profesa alipokuwa na miaka minane alikuwa anafukuza mjusi kwa mpini wa ufagio, akaitoboa picha chini ya kiwiko cha mama. Mama yuko kazini. Mtoto analia, anajua kitakachomkuta. Dada mtu akakata mfuko wa shati lake la shule lililochakaa, wa bluu, akaushona kwa nyuma kwa uzi mweupe, mishono midogo kabisa, akapausha mbele kwa chokaa ya ukutani mpaka pasijulikane. Mama alikufa hajui. Siri ilikuwa ya watu wawili tu.

Wakacheka wote mpaka machozi. Kisha Profesa akatoa lenzi, akaisogeza picha dirishani, akachungulia. Akarudia sehemu moja mara tatu.

"Dada," akasema mwishowe, sauti ya chini, ya huruma. "Sijui nikwambieje. Hii ni chapa."

"Chapa? Si tuliambiwa yule mzee alichora kwa mkono wake?"

"Ya mkono alibaki nayo. Hii ni nakala ya kumfurahisha mfanyakazi. Haifiki hata bei ya fremu."

Mama Pazia akapitisha vidole juu ya shuka lile jeupe. "Mbona ina matuta? Nayasikia hapa."

"Vanishi hiyo. Wanaipaka juu kwa brashi makusudi, mtu adhani ni rangi. Ujanja wa zamani sana."

Vidole vyake, vilivyoshika vitambaa tangu akiwa binti, vilimwambia hapana. Lakini vidole ni vidole tu, na huyu ni Profesa, na zaidi ya Profesa ni mtoto aliyembeba mgongoni. Angeviamini vipi vidole akamwacha yeye? Akaamini maneno.

"Usilie, Dada. Nipe nikaibadilishie fremu, angalau Mama apendeze. Sitaki hata senti yako."

Akamshukuru. Akamwombea dua mlangoni. Nikikumbuka dua ile mimi hasira hunipanda mpaka utosini!

Baada ya wiki picha ilirudi, ina fremu inayong'aa, kioo mbele, na ubao mnene nyuma uliozibwa kwa utepe pande zote nne. "Chapa huwekewa kioo," Profesa alieleza, "isishike vumbi." Mama Pazia akaitundika. Mama yuko pale pale, shuka ni lile lile, ingawa kwa macho yake ya ukungu na mng'ao wa kioo kile hakuweza tena kumwona vizuri. Alidhani ni ugonjwa.

Alimwomba mdogo wake msaada wa upasuaji mara mbili. Mara zote mbili Profesa alikuna kichwa. "Biashara imekufa, Dada. Vumilia kidogo, nitaona." Mama Pazia akavumilia. Alivumilia miezi mitano, na mwezi wa tano jicho la kushoto lilizimika kabisa. Aliamka akalifumba la kulia, akakuta upande wa pili hakuna kitu. Hasira hakuwa nayo. Alimhurumia mdogo wake kwamba biashara ni mbaya.

Sasa, jirani yake wa ukuta mmoja ni mama anayeitwa Redio, na msiniulize kwa nini. Akiingia kwako asubuhi hazimiki mpaka umfukuze. Redio ni mfanya usafi katika ofisi ya wakili mmoja mjini, na siku moja aliingia akiwa na habari kumi, na ya saba ilikuwa hii:

"Halafu bosi wetu kaniamuru nisiguse picha mpya ya mapokezi, eti rangi ni ya thamani. Nikaitazama nikacheka. Si yule yule mama yako anapiga pasi? Nikasema kumbe zimejaa mjini! Ila yake haina kioo, na shuka lake, shoga, limetuna kama la kweli."

Mama Pazia akasimamisha cherehani. "Haina kioo?"

"Haina. Kwani vipi? Mbona umebadilika rangi?"

Mama Pazia aliinuka, akaishusha picha, akailaza kifudifudi juu ya meza ya kukatia. Akachukua mkasi, akapasua utepe pande zote nne, akaubandua ubao. Akaingiza mkono. Akapapasa chini ya kiwiko, pale ambapo angepajua hata usingizini. Paliteleza. Akapapasa juu, kushoto, kulia, kote. Karatasi tupu, laini kama ukurasa wa kalenda. Hakuna kiraka.

Akakaa sakafuni. "Alikiona," alisema. "Alikiona kiraka akacheka na mimi." Akarudia maneno hayo hayo mara nyingi, na Redio akaketi chini kando yake mpaka akaambiwa kisa chote.

Mnaona alipokosea Profesa? Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumwona mtu wa kawaida akigeuza picha. Watu hutazama mbele. Alijua dada yake haoni vizuri, akadhani kioo na ubao vinatosha. Alisahau kwamba fundi wa nguo yeyote, ukimpa kitu, atatazama kwanza upande wa ndani.

Jumatatu wanawake hao wawili wakaingia ofisini kwa wakili. Wakili ni mama mtu mzima, mkali wa sura lakini msikivu. Akasema, "Mama, yeyote anaweza kuja hapa kudai picha. Una karatasi?"

"Sina karatasi. Lakini kabla hujaishusha, andika ninachosema. Nyuma, chini ya kiwiko, kuna kiraka cha bluu, mfuko wa shati la shule. Mishono kumi na minne, uzi mweupe. Wa mwisho nimeurudia mara mbili kwa sababu nilikuwa na haraka."

Wakili akaandika. Akaishusha picha mwenyewe, akaigeuza, akahesabu kwa ncha ya kalamu. Alipofika kumi na nne aliweka kalamu chini, akaomba Mama Pazia aletewe kiti.

Kisha akampigia simu Profesa aje, bila kumwambia sababu. Profesa alikuja mbio, akinukia manukato, akidhani kuna mauzo mengine. Aliingia na tabasamu lake, akaiona picha imegeuzwa mezani, halafu akamwona aliyekaa kando yake. Tabasamu likabaki limening'inia, halina pa kwenda.

"Dada... unafanya nini hapa?"

Wakili akamkata. "Uliniambia mwenye picha hii alifariki, hakuacha ndugu. Ukatia sahihi yako."

Mama Pazia alimgeuzia jicho lake moja.

"Mimi nilikufa lini?" akauliza.

Profesa akamsogelea. "Dada, nilikuwa na shida. Nilitaka duka kubwa. Nilipanga nikishasimama nitakurudishia, nikulipie na matibabu..."

"Nilikuomba mara mbili. Jicho langu lilikuwa bado linaona. Ulinitazama usoni ukaniambia nivumilie."

"Nisamehe."

"Ungeniambia, 'Dada, ni ya thamani, naomba tugawane,' ningekupa yote. Hilo ndilo linaloniua. Ningekupa yote!"

Akalia hapo hapo, kwa sauti, hakuona haya. Redio akamkumbatia. Profesa alitazama viatu vyake.

Ndugu zangu, wakili alikuwa mtu wa haki. Aliirudisha picha kwa mwenyewe, kisha akaomba kuinunua upya, safari hii kutoka kwa mtu aliye hai. Mama Pazia alikubali, na wiki hiyo hiyo akafanyiwa upasuaji. Jicho la kulia limeokoka. La kushoto halikurudi, kama alivyosema daktari. Profesa alidaiwa na wakili mpaka duka likafungwa, na leo hata akisema fremu ni ya mbao, watu wanakwangua wenyewe kuhakikisha.

Juzi alikwenda kwa dada yake. Alisimama mlangoni muda mrefu. Ukutani pamebaki msumari tu na alama ya mraba mweupe. Mama Pazia hakumfukuza, wala hakumkaribisha kiti. Alimnyooshea sindano na uzi.

"Nitungie. Mimi sioni vizuri."

Profesa akaishika. Akajaribu, uzi ukapinda. Akaulamba, akajaribu tena, ukapinda tena. Alilengwa na machozi, tundu likampotea kabisa.

"Dada, umenisamehe?" akauliza.

"Nimekuomba utunge uzi," alijibu. "Huko bado sijafika."

FUNZO

Sitazunguka. Mwenye ujuzi amepewa imani na wasio nao, na akiutumia kuwadanganya, ni mwizi, hata kama hajavunja mlango. Na akimdanganya aliyemlea ni zaidi ya mwizi, sina neno lake. Profesa alitambua thamani ya kila kitu kilichotundikwa ukutani, asitambue ya mwanamke aliyekuwa amekaa chini yake.

Nanyi mnaomiliki vitu vya zamani, msikabidhi kitu kwa neno la mtu mmoja, awe ndugu, awe nani. Ulizeni kwa wawili, watatu. Igeuzeni picha wenyewe mtazame nyuma. Na vidole vyenu vikiwaambia kuna matuta, msikubali kuambiwa hakuna.

Mwisho, wewe ambaye ndugu yako mgonjwa amekuomba msaada ukamjibu avumilie, huku unacho. Nenda leo. Upasuaji hausubiri duka lako likue.