Gari Lililolala

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujisifu, nyumba ya kina Chachu ilikuwa imeshajaa harufu ya mkate. Chachu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wanafunzi wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu baba yake alikuwa mwokaji, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mkimya: yupo, anafanya kazi yake, lakini humsikii.

Kabla ya kwenda shule alipanga mikate kwenye kreti na kuifunika kwa kitambaa. Kaka yake aliifunga kreti nyuma ya baiskeli, akaondoka akiyumba kama mlevi aliyebebeshwa kabati.

"Huko kuyumba kunakwisha leo," baba alisema Ijumaa hiyo, akijipangusa unga mikononi. "Jioni nakwenda kulipia lile gari."

Hospitali ilikuwa imemkubalia apeleke mikate ya wagonjwa kuanzia Jumatatu, kwa sharti kwamba ifike kwa gari, ikiwa safi na ya moto. Asiyekuwa na gari angepokonywa nafasi hiyo. Akiba yote ya familia ilikuwa ndani ya bahasha moja, kabatini, chini ya nguo za mama.

"Chachu atakaa mbele na kaka yake, ashushwe shuleni," mama alisema. "Nami nitaacha kusali kila ninaposikia kengele ya baiskeli."

Gari lenyewe walikuwa wameliona jana yake kwa Bwana Karibu, muuza magari aliyepewa jina hilo kwa kuwa alimkaribisha hata mtu anayejipitia njia. Lilikuwa jeupe, linang'aa kama sahani iliyooshwa. Fundi waliyekwenda naye aliisikiliza injini, akasema ni nzima. Chachu alipoufunga mlango wa kushoto, ulikataa. Aliuvuta tena kwa nguvu ndipo ukakubali.

"Mlango huo una deko," Bwana Karibu alicheka. Kaka alipoliendesha kidogo alisema linavuta upande wa kushoto. Bwana Karibu alimpiga begani. "Kijana, gari hili limelala muda mrefu. Hata wewe ukilala sana, ukiamka unapepesuka!"

Wote walicheka, na baba ndiye aliyecheka zaidi.

Shuleni, wakati wa mapumziko, kundi la watoto lilimzunguka Redio. Redio alikuwa mtoto wa dereva wa lori, na aliitwa hivyo kwa sababu hazimiki.

"Baba hakurudi nyumbani jana," alisema Redio. "Lori limelala kwenye kona ya darajani. Mchele wote mtaroni!"

"Lilichoka?" Chachu aliuliza taratibu.

Watoto waliangua kicheko. Redio alishika kiuno. "Jamani, mtoto wa mikate huyu! Lori lichoke lina miguu? Limelala ubavu! Limeanguka, magurudumu yanatazama ndege. Gari likilala hivyo, mwenzangu, bodi inapinda, milango haifungi, na ukiliendesha linakwenda kama kaa."

Chachu hakucheka. Aliukumbuka mlango wenye deko. Akakumbuka kaka alivyousokota usukani ili gari liende moja kwa moja. *Gari hili limelala muda mrefu.* Masomo ya mchana yote yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Kengele ya mwisho ilipolia, alikimbia. Alimkuta baba mlangoni, amevaa shati la kutokea, bahasha iko mfukoni. Alikuwa anazungumza kwenye simu.

"Nakuja, Bwana Karibu. Usimpe huyo mteja mwingine, nakuja sasa hivi!"

"Baba," Chachu alisema.

"Si sasa, mwanangu."

"Baba, lililala wapi?"

"Nini?"

Chachu hakuzoea kumzuia mkubwa njiani. Alitaka kusema "basi" aondoke zake, lakini alimwona kaka akichezea ufunguo wa kufuli ya baiskeli, anatabasamu kama dereva tayari.

"Gari," alisema. "Bwana Karibu alisema limelala. Redio anasema gari likianguka ubavu nalo linasemwa limelala. Na mlango haufungi, baba. Na linavuta."

"Lilikuwa limeegeshwa! Ndiyo maana ya kulala!" Baba aliitazama saa ya ukutani. "Maneno ya watoto wa shule yanikoseshe gari?"

"Baba Chachu," mama alisema polepole, akiweka chini beseni la unga. "Mtoto huyu hajawahi kukusimamisha mlangoni hata siku moja. Mwaka huu wote sijamsikia akipandisha sauti. Ofisi ya usajili wa magari iko njiani, na kuuliza si kununua."

Baba alimtazama mama, akamtazama Chachu. "Haya. Twende. Lakini upesi."

Walikuta foleni. Nyuma ya kioo, karani alichukua namba ya gari na namba ya chesisi, ambayo kaka aliipiga picha siku ile, akaanza kubonyeza mashine yake.

"Mtandao unasuasua," alisema. "Subirini."

Simu ya baba ikalia. Kila mtu aliisikia sauti ya Bwana Karibu: "Mzee wangu, huyu mteja ameshafungua mkoba. Nimwambie nini?"

Jasho lilimtoka baba. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Tutalikosa," alinong'ona. "Na Jumatatu nitawaambia nini hospitali?" Akageuka kuelekea mlangoni. Chachu alimfuata kwa macho. Kama gari ni zima, basi yeye ndiye atakayekuwa ameiharibia familia yake bahati.

"Mzee wa gari jeupe!" karani aliita.

Karatasi ilitoka. Karani aliipitisha chini ya kioo, kidole chake kikiwa kimetulia kwenye mstari mmoja. "Someni hapa kwanza."

Baba alisoma kimya, midomo tu ikicheza. Kisha alisoma kwa sauti. "Ajali. Gari lilipinduka, likaangukia ubavu wa kushoto. Fremu imepinda. Lisitumike barabarani mpaka likaguliwe upya." Akainua macho. "Ukaguzi wenyewe uko wapi?"

"Haupo," karani alisema. "Hakuna aliyelileta."

Kaka aliketi kwenye benchi. Ni yeye ambaye angekaa nyuma ya usukani ule, na Chachu kando yake, upande wa kushoto.

Walipofika kwa Bwana Karibu, mteja mwingine kweli alikuwepo: mama mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni, amesimama kando ya lile gari jeupe na mkoba wazi.

Baba aliinyoosha karatasi. "Kwa nini ulinidanganya?"

Bwana Karibu aliitupia jicho, na tabasamu lake halikuondoka. "Nimekudanganya wapi, mzee wangu? Nilikwambia lililala. Wewe hukuuliza lililala wapi."

Bwana Karibu alimgeukia yule mama. "Karibu, dada, tumalize. Huyu ameshindwa bei."

Chachu alitazama kichwa cha yule mtoto mchanga, kimelala begani mwa mama yake. Alipiga hatua mbele.

"Mama, shikamoo. Usilipe. Lilipinduka. Baba, mpe karatasi asome."

Yule mama alisoma. Alifunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga, na ndipo tabasamu la Bwana Karibu lilipopotea.

Jumamosi baba alielekezwa kwa muuguzi mstaafu aliyekuwa akiuza gari lake kuukuu. Rangi ilikuwa imepauka, bampa ya nyuma ina bonde.

"Hapa niligonga nguzo nikirudi kinyumenyume," alisema mwenyewe kabla hajaulizwa. "Kosa langu. Karatasi zake hizi, lakini msiniamini mimi. Nendeni mkaulize, leo wanafungua nusu siku."

Waliuliza. Historia ilisema kile kile alichosema yeye: mmiliki mmoja, bampa moja, nguzo moja. Fundi alilikagua pia, juu na chini. Mchana likawa lao.

Jumatatu mikate ilifika hospitali ikiwa bado inatoa mvuke. Kabla ya kuondoka nyumbani, Chachu alikuwa amepanda mbele, akavuta mlango mara moja, ukafungika. Baba aliinama dirishani.

"Mwanangu, neno likiwa na milango miwili, usiingie mpaka ujue linatokea wapi. Mimi niliona aibu kuuliza, nikidhani mteja anayeuliza sana ataonekana hamwamini mtu. Kumbe muuzaji mkweli haudhiki akiulizwa, wala historia ya gari haisomwi kwenye rangi yake." Akamgusa shavu, akamwachia alama ya unga. "Chachu haina kelele, lakini isipotiwa, hakuna mkate unaoumuka."

"Twende," kaka alisema, akiwasha injini. "Kabla hili nalo halijalala."

"Lilale wapi?" Chachu aliuliza, na safari hii yeye ndiye aliyecheka wa kwanza.